Glyka Nera, Krete: panga kurudi kabla ya kwenda

Kusini mwa kisiwa cha Krete, kati ya mji mdogo wa Chora Sfakion na kijiji cha Loutro, kuna ufuko wa kokoto usiofikiwa na gari. Nyuma yake limesimama genge, mbele yake ni Bahari ya Libya. Wagiriki wanauita Glyka Nera, Γλυκά Νερά kwa maandishi yao, na maana yake ni Maji Matamu. Mtu wa pwani haelezwi sana jina hilo: ni maji yasiyo na chumvi, yanayotoka chini ya kokoto hatua chache tu kutoka baharini.

Unafika kwa njia mbili, miguu au boti. Kufika si kazi kubwa. Wanaopata taabu huipata wakati wa kurudi: boti ya jioni haikuja kwa sababu ya upepo, au mtu ameondoka saa sita mchana na chupa moja ya maji, au amevaa ndala akitegemea boti na sasa mbele yake kuna kilomita kadhaa za mawe. Kwa hiyo mwongozo huu unairudia kurudi kila mara.

Msimu na upepo

Miezi mizuri ni Mei, Juni, Septemba na nusu ya kwanza ya Oktoba. Julai na Agosti panafikika, ila njia ya miguu imetazama kusini, inapigwa na jua tangu asubuhi, na jabali linarudisha joto kama ukuta wa tanuri. Majira ya baridi boti ndogo hazifanyi kazi na feri hupunguzwa. Mvua nayo hulegeza mawe gengeni, kwa hiyo siku moja au mbili baada ya mvua kubwa ni siku mbaya ya kupita hapa hata kama mbingu ni nyeupe.

Msomaji wa Mombasa au Unguja amezoea kuuliza kwanza habari za maji: yamekupwa, yamejaa, ni bamvua au maji mafu? Huku weka swali hilo pembeni. Bahari ya Kati hupanda na kushuka kidogo mno, na ufuko unaouona asubuhi ndio utakaouona jioni. Linaloamua ni upepo, na upepo wenyewe ni wa aina mbili.

Wa kwanza ni wa kaskazini. Kiangazi huvuma upepo unaoitwa meltemi, hasa Julai na Agosti. Milima Myeupe, Lefka Ori, ambayo kilele chake Pachnes kina mita 2,453, inaukinga mwambao wa kusini, na bahari karibu na nchi huweza kuonekana tulivu. Usidanganyike. Upepo huo huporomoka mabondeni na kutoka kwa vishindo: dakika tano kimya, kisha kishindo kinachomsukuma mtu mzima hatua nzima. Juu ya kijia chembamba hiyo si hali ya kuchezea. Kwa anayepiga makasia, upepo wa namna hii unamtoa nje, kuelekea Libya.

Wa pili ni wa kusini. Huu unaleta mawimbi moja kwa moja ufukoni, wakati mwingine na vumbi la jangwa la Afrika linalofanya mbingu kuwa ya manjano. Boti ndogo haiwezi kusogeza omo, yaani sehemu yake ya mbele, kwenye kokoto bila kugongwa, hivyo haiji. Hapo ndipo watu hukwama, kwa sababu ufukoni pengine joto ni zuri na wao wanaogelea bila kujua kwamba nahodha ameshafuta safari.

Ukitaka ushahidi kwamba mambo haya ni ya kale, fungua Matendo ya Mitume sura ya 27. Bandari ya Foinike ambayo mabaharia wa Paulo walitaka kuifikia wapumzike majira ya baridi huwekwa na wengi hapa hapa, kwenye rasi ya Loutro. Upepo ulioshuka kutoka kisiwani ukawanyima, wakasukumwa hadi Malta.

Utabiri wa Kigiriki hutolewa kwa kipimo cha Beaufort, ambacho wenyeji hutamka "bofor". Kwa waliozoea kilomita kwa saa: 4 ni kilomita 20 hadi 28, 5 ni 29 hadi 38, 6 ni 39 hadi 49, na 7 ni 50 hadi 61. Angalia jioni ya kabla, kisha asubuhi yenyewe. Kanuni yetu:

- Hadi 4, upande wowote: nenda kwa njia yoyote.
- 5 kutoka kusini: usitegemee boti ndogo. Nenda kwa miguu na urudi kwa miguu, au acha.
- 5 kutoka kaskazini: boti huenda ikaja. Kijia kinahitaji mtu mwenye miguu thabiti, na usikodi boti ya makasia.
- 6 na kuendelea: kaa Chora Sfakion ule samaki.

Mamlaka ya bandari ikizuia vyombo kutoka, neno utakalosikia gatini ni *apagoreftiko*. Ukilisikia, hakuna wa kubembeleza.

Kufika Chora Sfakion

Hapa tutapita haraka. Uwanja wa ndege wa karibu ni wa Chania. Ukitokea Athens kwa bahari, feri za usiku huondoka Piraeus na kufika Souda, bandari ya Chania, asubuhi. Kutoka kituo cha mabasi cha Chania, basi la KTEL hadi Chora Sfakion huchukua karibu saa mbili kwa njia ya Vrysses na uwanda wa Askifou. Mabasi kwa siku ni machache, na ratiba hubadilika kwa msimu, kwa hiyo isome kituoni siku moja kabla. Kwa gari ni kilomita 70 na kidogo, sehemu ya mwisho ikiwa kona juu ya kona. Mwenye kutapika garini akae mbele.

Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda na majirani wanahitaji viza ya Schengen. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, bima ya safari isipungue euro 30,000, na maombi yapelekwe si chini ya siku 15 kabla ya safari; kiangazi tunashauri miezi miwili au mitatu. Mwenye kibali cha kuishi katika nchi nyingine ya Schengen haombi tena.

Jambo moja dogo linalorahisisha: tangu mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba, saa ya Ugiriki ni ile ile ya Nairobi na Dar es Salaam. Ila ratiba zimeandikwa kwa mtindo wa saa 24. Boti ya 10:30 ni ya saa nne na nusu asubuhi, na basi la 18:30 ni la saa kumi na mbili na nusu jioni. Kuna watu walioishi Ulaya miaka mingi na bado wanachanganya hapo, hasa wakiwa wamechoka. Katika mwongozo huu saa zote ni za Kiswahili.

Lala Chora Sfakion au Loutro usiku wa kuamkia safari. Kutoka Chania na kurudi siku hiyo hiyo kunawezekana, lakini basi la asubuhi linakufikisha jua likiwa limeshapanda, na hiyo ndiyo saa tunayotaka uwe umeshafika. Toa pesa taslimu ukiwa Chania. Boti ndogo na mkahawa wa ufukoni si mahali pa kujaribu bahati na kadi.

Kwa miguu kutoka Chora Sfakion

Hii ndiyo njia tunayoipendekeza kwa kwenda. Ni saa moja na robo kwa mwendo wa kawaida, saa moja na nusu kwa anayesimama kupiga picha. Ondoka saa 1 asubuhi kiangazi, saa 2 ukiwa ni Mei au Oktoba.

1. Kutoka uwanja wa katikati ya mji, shika barabara ya lami inayoelekea magharibi na kupanda kwenda Anopoli. Utapita juu ya ufuko mdogo wa Ilingas, ulio chini mkono wa kushoto. Usishuke, hiyo siyo Glyka Nera, ingawa kila kiangazi kuna wanaodhani wamefika.

2. Endelea na lami. Mpaka hapa ni dakika 35 hadi 45 za kupanda polepole, magari ni machache lakini yanakuja kwa kasi konani. Tembea upande unaoyaona yakija.

3. Barabara itafika kona kali ya kwanza, ile inayojipinda yote na kurudi ilikotoka ikiwa juu zaidi. Hapo kwenye kona, upande wa bahari, kijia kinaanza. Tafuta alama ya njano na nyeusi ya E4, njia ndefu ya miguu inayokatiza Ulaya hadi Kupro na kupita Krete yote. Mwenye gari au teksi anaweza kuanzia hapa, akaokoa sehemu ya lami. Nafasi ya kuegesha ni ya magari machache, na usizibe kona.

4. Kijia kinaingia ubavuni mwa genge. Mwanzo ni mapana kiasi, kisha yapo mapito ambapo kimechongwa kwenye mwamba, ukuta kuliani na bahari chini kabisa kushotoni. Hakuna uzio. Upana unamtosha mtu mmoja kwa raha. Mwenye kizunguzungu cha urefu ajijue mapema: akishindwa, ashindwe kwenye mita mia za kwanza na kugeuka, maana sehemu ngumu haziko mwisho tu.

5. Utakatiza maporomoko ya mawe ya zamani. Humo kijia huonekana kama kimepotea. Simama, usikanyage mbele kwa kubahatisha, tafuta alama inayofuata ya rangi au rundo dogo la mawe lililopangwa na watu. Ukijikuta unashika mwamba kwa mikono ili kupanda au kushuka, umetoka njiani. Rudi kwenye alama ya mwisho.

6. Ufuko unaonekana mapema, ukiwa mbali chini yako. Mteremko wa mwisho ni wa changarawe zinazoteleza. Hatua fupi, uzito juu ya miguu, usiegemee nyuma. Wengi huanguka hapa kwa sababu macho yako kwenye maji.

Mambo mawili ya njiani yanastahili maneno zaidi. La kwanza ni mbuzi. Wanazurura juu ya genge na kila hatua yao inaangusha kijiwe. Ukisikia mlio wa jiwe juu yako, usisimame na kutazama juu ukitafuta lilipo. Sogea ukutani, kinga kichwa kwa mkoba, subiri kimya kirudi, kisha pita haraka. Sehemu yenye mawe meupe yaliyovunjika karibuni, yasiyo na ukungu wala vumbi la zamani, ipite bila kupumzika. Mapumziko yafanyie mahali ambapo juu yako hakuna ukuta.

La pili ni kupishana. Kijia kina watu wa pande zote mbili kuanzia saa nne hivi. Mwenye nafasi ya kusimama ndiye anayesimama, na anasimama upande wa ukuta. Mkoba mpana ni hatari kuliko mzito: ukigeuka unaweza kumsukuma mtu au wewe mwenyewe kugonga mwamba na kurushwa nje. Mikeka ya kulalia na mahema yafungwe wima, si kwa upana.

Watoto wadogo, mama mjamzito, na mzee wa magoti mabovu waende kwa boti. Si aibu.

Kabla ya kuondoka uliza nyumba ya wageni au mkahawa kama njia iko wazi. Krete ni nchi ya matetemeko, na kipande cha njia hii kinaweza kufungwa kwa sababu ya maporomoko. Ukikuta kamba au tangazo la kuzuia, usipite pembeni yake.

Kwa miguu kutoka Loutro

Loutro chenyewe hakina barabara. Unafika kwa feri kutoka Chora Sfakion, mwendo wa dakika 20 hivi. Feri hizi zinaendeshwa na kampuni ya ANENDYK na zinaendelea hadi kijiji cha Agia Roumeli. Feri kubwa haisimami Glyka Nera, inapita tu.

Kijia kinaanzia mwisho wa mashariki wa ghuba, nyuma ya nyumba za mwisho. Alama ni zile zile za E4. Unapanda kidogo, unapita karibu na kikanisa cheupe, kisha unafuata pwani ya mawe hadi kushukia ufukoni upande wa magharibi. Ni saa moja hadi saa moja na robo. Upande huu una urefu mdogo wa kutisha kuliko ule wa Chora Sfakion, ila mawe yake ni makali na yanachosha vifundo. Kivuli ni kile kile: hakuna.

Kwa anayeogopa genge lakini anataka kutembea, huu ndio upande wake. Anayetaka yote mawili aje kwa miguu kutoka Chora Sfakion asubuhi, ashinde ufukoni, aendelee kwa miguu au boti hadi Loutro, arudi kwa feri ya jioni. Kwa maoni yetu hii ndiyo siku bora kuliko zote, kwa sababu feri kubwa huvumilia bahari ambayo boti ndogo haiwezi, na ukifika Loutro umeshatoka kwenye mashaka.

Kwa boti

Kiangazi kuna boti ndogo za abiria zinazokwenda ufukoni asubuhi na kuchukua watu alasiri, kutoka Loutro hasa, na kuna boti za kukodi Loutro na Chora Sfakion. Tofauti ya bei iko hapa: boti ya ratiba unalipa kwa kichwa, boti ya kukodi unalipa boti nzima, awe mmoja au watu sita. Kwa hiyo ukiwa peke yako tafuta wenzako gatini kabla ya kumwita nahodha. Kubaliana bei kabla ya kupanda, na uliza kama ni ya kwenda tu au ya kwenda na kurudi.

Maswali manne ya kumwuliza nahodha, na usiondoke gatini bila majibu:

- Boti ya mwisho ya kurudi ni saa ngapi?
- Inarudi wapi, Loutro au Chora Sfakion?
- Upepo ukibadilika, unakuja mapema au huji kabisa?
- Nikupate kwa namba gani?

Swali la tatu ndilo linalosahaulika. Nahodha mwaminifu atakwambia waziwazi, na wengine huwapigia simu watu wa mkahawa ufukoni kuwaambia abiria waanze kukusanyika. Ukiona watu wanakunja taulo saa nane mchana bila sababu, nenda ukaulize.

Boti inapofika, hukaribia kigati kidogo au huingiza omo kwenye kokoto. Shuka kwa mbele, mmoja mmoja, baada ya wimbi kupita, mikono yote miwili ikiwa huru. Simu na pasipoti viwe ndani ya mfuko usioingiza maji. Usiruke kutoka ubavuni: kokoto huzama chini ya mguu na maji yanakuwa ya kina mara moja.

Hata ukienda na kurudi kwa boti, vaa au beba viatu vya kufunga. Ni gramu mia chache tu, na ndizo zinazotenganisha kuchelewa na kukwama.

Boti za makasia hukodishwa Loutro. Asubuhi mapema bahari ikiwa kama kioo, ni safari nzuri. Fuata pwani, usikate ghuba katikati, geuka saa nne kabla upepo haujaamka.

Cha kubeba

Maji lita 2 kwa mtu kwa kwenda tu, lita 3 Julai na Agosti. Viatu vyenye soli inayoshika. Kofia yenye mkanda wa kidevuni, maana ile pana ya kawaida itaishia baharini kwa kishindo cha kwanza. Mafuta ya kukinga jua. Ngozi nyeusi nayo huungua kwa saa sita juu ya kokoto nyeupe, na macho huumia kabla ya ngozi, kwa hiyo miwani. Shati la mikono mirefu. Ndala au viatu vya majini, kwa sababu saa saba mchana kokoto hazikanyagiki. Kikombe cha bati au plastiki ngumu cha kuchotea. Chakula cha chumvi kidogo: karanga, jibini, mkate, zeituni. Tochi ya kichwani hata kama hupangi kuchelewa. Mfuko wa takataka, na unarudi nao.

Mwavuli wa jua uache. Upepo wa mlimani utaubeba.

Ufukoni: maji matamu, mawe na bahari

Milima ya nyuma ni ya mawe ya chokaa, yenye nyufa na mapango. Mvua na theluji iliyoyeyuka huzama ndani, husafiri gizani, na kutoka chini kabisa pale mlima unapokutana na bahari. Sehemu ya maji hutokea ndani ya kokoto, sehemu ndani ya bahari yenyewe. Ndiyo maana ukiogelea karibu na nchi unapata tabaka la baridi kali juu na vuguvugu chini, kinyume cha ulichozoea: maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, yanaelea juu yake. Ukivaa miwani ya kupigia mbizi utaona maji yanatetemeka kama hewa juu ya jiko la mkaa. Hapo ndipo yanapochanganyika.

Kuchimba kisima chako:

1. Kwanza tafuta vishimo vilivyozungushiwa mawe na waliotangulia. Vinajulisha mahali mkondo unapopita.
2. Chimba kwa mikono, upande wa nchi kavu wa mstari wa mawimbi, kina cha mkono hadi kiwiko hivi. Ukionja chumvi, rudi nyuma hatua mbili tatu na uchimbe tena.
3. Maji ya kwanza ni ya matope. Yachote uyamwage mara mbili au tatu, kisha subiri dakika chache yatulie.
4. Chota kwa kikombe safi. Usiingize chupa iliyopakwa mafuta ya jua.

Yanywewe au yasinywewe? Wachungaji na wasafiri wameyanywa tangu zamani. Lakini kiangazi ufuko una watu wengi na choo ni tatizo, kwa hiyo mwezi Agosti tunayatumia kunawa chumvi na kupoza chupa, ya kunywa tunabeba au tunanunua mkahawani. Wenye kichujio cha safari wanaweza kukitumia. Sabuni isiingie kabisa, hata ile inayoandikwa kuwa haina madhara: kisima chako ni cha jirani yako pia, mkondo ni mmoja.

Mahali pa kutandika taulo ni uamuzi wa kufikiria. Kivuli cha genge kinavutia, na ndicho mahali mawe yanapoangukia. Tazama chini kabla ya kukaa: ukiona mawe yenye kona kali katikati ya kokoto za mviringo, yametoka juu. Kaa karibu na maji kadiri mawimbi yanavyoruhusu. Kivuli salama zaidi ni cha miti michache inayovumilia chumvi, ambayo hujaa mapema, au cha mkahawa ulio upande wa magharibi juu ya mwamba baharini, unaofunguliwa kiangazi.

Bahari inakuwa ya kina baada ya hatua chache na hakuna mlinzi wa waogeleaji. Asiyejua kuogelea asiingie zaidi ya magoti, kwa sababu kokoto za mteremko huporomoka chini ya mguu na kumvuta. Wakati wa mawimbi ya kusini, kuingia ni rahisi, kutoka ndiko kugumu: subiri wimbi dogo, panda nalo, tambaa kwa mikono ukibidi.

Baadhi ya watu huota jua na kuogelea uchi hapa, ni desturi ya miaka mingi. Anayependa stara anaogelea na mavazi yake kamili bila mtu kumshangaa. Kamera usizielekeze kwa watu.

Mahema utayaona. Hata hivyo sheria ya Ugiriki inakataza kupiga hema nje ya kambi rasmi, na kuona wengine wamelala hakukupi ruhusa. Moto usiwashe kabisa.

Mambo yakienda kombo

Boti haikuja. Usisubiri mpaka giza. Weka saa ya kukata shauri: saa tatu kabla ya jua kuzama. Juni jua linazama karibu saa mbili na nusu usiku, mwishoni mwa Septemba karibu saa moja na robo jioni. Saa yako ikifika na boti haionekani, anza kutembea. Kwa aliyechoka au mwoga wa urefu, elekea Loutro hata kama mizigo iko Chora Sfakion. Feri ya asubuhi itakurudisha. Giza likikukuta ufukoni na tochi huna, lala hapo hapo mbali na genge. Kijia hiki hakipitwi kwa mwanga wa simu.

Mwenzako ameshikwa na joto: kichwa kinamgonga, anatapika, ameacha kutoka jasho au anaongea ovyo. Mlaze kivulini, mvue nguo za juu, mmwagie maji ya visima mwilini, hasa shingoni na kwapani, mpepee. Akiwa na fahamu zake anywe kidogo kidogo. Akichanganyikiwa usimnyweshe, piga simu.

Kifundo kimeteguka njiani. Usivue kiatu, mguu utavimba na kiatu hakitarudi. Funga juu yake kwa kitambaa, mketishe mahali pasipo na ukuta juu.

Namba ya dharura ni 112, inafanya kazi Ulaya nzima na kwa Kiingereza. Walinzi wa pwani ni 108, gari la wagonjwa ni 166. Mtandao chini ya genge hukatika, kwa hiyo sogea kuelekea maji au nenda mkahawani. Sema kwanza mahali: "Glyka Nera, Sfakia, Krete", kisha kama uko ufukoni au kwenye kijia, na upande gani, wa Loutro au wa Chora Sfakion. Uokoaji hapa mara nyingi huja kwa bahari, na kwa mtu wa boti anayetazama ukuta mrefu wa mawe, upande ni habari muhimu kuliko jina lako. Vaa au tandaza kitu cha rangi kali.

Ukirudi Chora Sfakion jioni na unataka basi la Chania, wahi foleni. Feri kutoka Agia Roumeli hushusha watembeaji wote waliotoka korongo la Samaria kwa mpigo, na wote wanataka viti vile vile.